Kamba Yangu na Sufuria ya Kanisa

Mmeniuliza karakana nzima, mmoja mmoja na kwa pamoja, kulikoni huko Ileje, na mimi nimekuwa nikijibu "salama tu" kisha najifanya natafuta bisibisi. Bi Zuhura amefika mahali pa kuniuliza kama nilipokelewa kwa ngoma au kwa mawe. Basi naandika, maana kulisema hili ana kwa ana na kikombe cha chai mkononi sitaweza. Niliondoka Morogoro nikiamini naenda kushukuriwa. Nimerudi nikijua kwamba kuna mama mmoja wa kijiji cha Mbebe aliyepoteza kazi na jina lake kwa sababu ya neno nililolitamka kwenye simu bila hata kuacha kutafuna.

Mnakumbuka jinsi safari ilivyoanza. Mwalimu Msukwa, mwalimu mkuu wa shule ile tuliyoijengea jiko banifu la kupikia makande, alinipigia akasema, "Fundi, wazazi wanaomba ufike ulione jiko lako. Kuna kikao." Hakusema zaidi ya hapo. Mimi nikajaza mwenyewe yaliyobaki. Nikanunua shati jeupe, nikawatangazia kwamba wananchi wameniita, na Rajabu akaniagiza nikipewa mbuzi nisimle peke yangu njiani. Tulicheka sana siku ile.

Jambo ambalo sikuwaambia ni hili. Miezi michache baada ya ujenzi, Mwalimu alikuwa amenipigia mara moja kunieleza kwamba jiko linasumbua, linatoa moshi na kula kuni. Sikumuuliza swali hata moja. Nilimjibu, "Jiko halina tatizo, Mwalimu. Mpishi ndiye hajui kulitumia." Akasema sawa, tukaagana, na jioni nilikuwa nimeshasahau.

Morogoro hadi Mlowo

Basi lilikuwa zuri mpaka Makambako, ambako liliamua kupumzika. Dereva alisema ni mkanda, utingo akasema ni pampu, na kwa saa tatu wote wawili wakawa chini ya injini wakibishana. Abiria tulikula mahindi ya kuchoma mpaka muuzaji akaishiwa.

Aliyekaa pembeni yangu tangu Iringa alikuwa Mzee Nzunda, mkulima wa kahawa wa Isansa, aliyekuwa ametoka kumtembelea binti yake. Mtu mpole, mwenye koti zito na mfuko wa maparachichi aliokuwa ameupakata muda wote. Alinikatia parachichi moja kwa kisu chake, akanipa na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Mimi kama shukrani nikampa hotuba. Nilimweleza majiko yetu yote, jinsi moto unavyozunguka sufuria badala ya kupotea pembeni, jinsi watoto hawatabeba tena kuni kwenda shule. Kisha nikatoa simu nikamwonyesha ile picha ya siku ya makabidhiano, mimi nimesimama na Mwalimu Msukwa, sufuria kubwa imekaa juu ya jiko inafuka mvuke. Ile ile tuliyoitundika ukutani karakana.

Mzee aliishika simu mbali kidogo na macho, akaitazama kwa muda.

"Sufuria nzuri," alisema. "Hii ni ya kanisa?"

"Ya shule, mzee."

"Aa. Ya shule." Akanirudishia simu, akakata parachichi lingine.

Nilidhani haoni vizuri. Nikaendelea kumsimulia mpaka alipoteremka Mlowo, akaniombea safari njema. Nikikumbuka ile sauti yake ya upole sasa hivi, natamani ningekuwa nimesinzia tangu Iringa.

Tunduma

Kutoka Vwawa kwenda mbele malori yalikuwa yamejipanga barabarani kusubiri kuvuka mpaka, na basi letu likawa linatambaa nyuma yao. Nilifika Tunduma nimechoka nikalala bila kula, na asubuhi nikaamka na njaa ya kutosha watu wawili.

Nilikwenda kwa mama lishe mmoja karibu na stendi, mahali ambapo madereva wa Zambia na wa kwetu wanakaa benchi moja. Mwenyewe alikuwa akiwasalimu wateja kwa lugha mbili bila kupumua. "Mulishani mukwai, karibu kaka, kapenta ipo, ugali upo."

"Nipe wali," nilisema.

"Wali hakuna leo, kaka. Sufuria ya wali imeenda msibani."

Nikamuuliza sufuria inaendaje msibani kama mtu. Akanitazama akaona kweli sielewi, akanieleza taratibu kama anayemweleza mgeni wa nchi nyingine. Sufuria kubwa si kila mtu anayo. Wanazo wachache, au kanisa, au kikundi cha akina mama, na kukiwa na shughuli inaazimwa, inatumika, inasuguliwa na kurudishwa. "Mtaa wetu kuna msiba tangu juzi. Nitaidaije?"

Nilinung'unika. Nikamwambia kwamba biashara haiendeshwi hivyo. Dereva mmoja aliyekuwa karibu yangu akacheka, akaniambia nimshukuru Mungu sijafiwa mimi. Nikala ugali na kapenta, dagaa wa upande wa Zambia, ilikuwa tamu kuliko wali wowote, lakini niliondoka nikiwa bado na kinyongo cha sufuria. Ndiyo nilivyokuwa, jamani. Watu wawili walikuwa wameshaniambia, na sikusikia hata mmoja.

Mpemba kwenda milimani

Kutoka Mpemba, njia panda ya Ileje, mpaka Isongole gari dogo lilinifikisha vizuri, barabara ni lami na mteremko ni wa kupendeza. Kutoka hapo nikachukua bodaboda. Mvua ilikuwa imenyesha, na ule udongo mwekundu ulikuwa unateleza vibaya. Dereva wangu, jamaa wa makamo mwenye sweta la kufuma, aliniambia nisikaze mwili tukianza kuteleza. Nilikaza. Tulianguka polepole sana, upande upande, kwenye tuta la viazi. Hakuna aliyeumia ila shati jeupe.

Tulipokuwa tukijifuta matope aliniuliza naenda kwa nani.

"Shuleni. Mimi ndiye niliyejenga lile jiko."

"Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi."

Akanitazama kidogo, akawasha pikipiki. Njia nzima iliyobaki hakusema neno, naye alikuwa ameongea tangu Isongole bila kituo. Nikasema moyoni kwamba ananiheshimu.

Mbebe, jikoni

Mwalimu Msukwa alinipokea vizuri mno. Chai, ndizi za kuchemsha, maharage, sala kabla ya kula, pole ya safari, pole ya shati, habari za familia. Kila nikitaka kuinuka nikalione jiko, ananiongezea chai. Nilidhani huko nje wanapanga viti.

Mwishowe nikaenda mwenyewe. Mlangoni mwa jiko kulikuwa na lundo la kuni, na watoto waliokuwa wakitoka darasani walipita wakiongeza, kila mmoja kijiti chake. Ndani, upande wa kushoto, moto ulikuwa unawaka kwenye mafiga matatu ya mawe na dada mmoja kijana, mtoto mgongoni, alikuwa akikoroga makande huku anafuta machozi ya moshi. Upande wa kulia lilikuwa jiko langu. Ndani ya tundu la sufuria, pale ambapo moto ulipaswa kuzunguka, palikuwa na maboga mawili na fagio.

Niliinama nikachungulia ndani ya tundu.

"Karibu, Fundi," alisema yule dada. Anaitwa Neema. "Samahani kwa maboga. Panya hawafiki humo."

Nikamuuliza kwa nini halitumiki. Alinyanyua sufuria tupu ya shule iliyokuwa pembeni, akatoa maboga, akaishusha sufuria ndani ya jiko langu. Ilizama yote, masikio na mfuniko, ikaegemea upande mmoja. Kati yake na ukuta ungeweza kupitisha mguu. Mnajua wenyewe nafasi inayotakiwa pale ni ya kidole. Moto wa namna hiyo hauipati sufuria kabisa, unapanda wima na kumrudia mpishi usoni.

"Sufuria yenu kubwa iko wapi?" nikauliza. "Ile niliyoipima?"

Nyuma yangu Mwalimu Msukwa akakohoa. "Ile ilikuwa ya kanisa, Fundi," alisema. "Tuliiazima kwa sababu ya ujio wako. Tuliona aibu, mgeni anatoka Morogoro anakuja kutupimia jiko, halafu tumtolee sufuria zilizobonyea. Siku ya makabidhiano tukaiazima tena. Kesho yake ikarudi, kulikuwa na msiba."

Na kikao? Kikao kilikuwa cha kuomba ruhusa ya kulibomoa. Wazazi walikuwa wamekubaliana matofali yatumike kwenye choo cha wasichana, lakini wazee wakakataa. Walisema kazi ya mtu haibomolewi mwenyewe hajaiona. Kwa hiyo waliniita, kwa heshima, na mimi nikanunua shati.

Nikauliza mpishi wa zamani yuko wapi, yule mama mrefu. Neema aliinamia makande. Mwalimu akasema, "Mama Eliza? Kamati ilimwondoa. Baada ya yale uliyosema kwenye simu."

Kwa Mama Eliza

Nilikwenda kwake alasiri hiyo hiyo, nikisindikizwa na mwenyekiti wa kamati ya shule, kwa sababu huko huendi kuomba radhi peke yako kama mwizi. Njiani mwenyekiti alinieleza mengine. Baada ya sufuria ya kanisa kuondoka, Mama Eliza alijaribu kulitumia jiko lile lile kwa sufuria za shule. Aliweka vipande vya tofali ndani ili sufuria isizame. Siku moja tofali likasogea, sufuria ikapinduka, makande ya moto yakammwagikia mguuni. Alipopona na kurudi, akakuta neno langu limemtangulia. Fundi mwenyewe amesema hajui.

"Kijiji kizima kilikuwa kinasema amekataa kujifunza," mwenyekiti alisema. "Miaka tisa amepikia watoto hawa."

Tulimkuta anachambua maharage barazani. Alitukaribisha, akaniita "baba" kwa adabu ile ile ya kumwita mgeni yeyote, na kabla sijafungua mdomo akaingia ndani kututengea chakula. Ugali, mboga ya maboga iliyoungwa karanga. Sijawahi kuona haya mbele ya sahani namna ile.

Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya jiko. Nikaanza kueleza habari ya vipimo. Akaniacha nimalize, kisha akasema bila kuinua sauti, "Mimi nilitaka kukwambia siku ile ile, Fundi. Ulipokuwa unapima. Nilisimama mlangoni nikasema, hiyo sufuria... Ukaniambia, mama subiri, tukimaliza vipimo utaongea."

Nilikumbuka. Hilo ndilo baya kuliko yote, kwamba nilikumbuka papo hapo, mpaka mwiko aliokuwa ameushika. Tulimaliza vipimo, nikakunja kamba yangu ya kupimia, nikaenda kunywa soda na walimu, na hakuna aliyemgeukia aongee.

"Sasa kwenye simu uliposema sijui," aliendelea, "ningebishana na nani? Wewe ndiye ulikuwa na kamba."

Nikamwomba anionyeshe mguu. Hakutaka, mwenyekiti ndiye aliyemsihi. Kovu limeanzia kwenye kifundo mpaka kwenye vidole, ngozi imevutika na kung'aa. Nikasema samahani. Akasema ameshasamehe, Mungu mwema. Alilisema upesi mno, kama anayemsaidia mtu kushusha mzigo, na nikaona kwamba hata hapo yeye ndiye aliyekuwa ananihudumia.

Kikao

Mngedhani baada ya hayo ningesimama kesho yake mbele ya wazazi nikasema kweli. Mimi pia nilidhani hivyo.

Walikuwa wamejaa darasani, akina mama upande mmoja na akina baba upande mwingine. Mama Eliza alikaa nyuma kabisa karibu na dirisha. Nikapewa nafasi. Nikaona zile nyuso, nikasikia mdomo wangu unasema, "Ndugu wazazi, katika utekelezaji wa mradi kulijitokeza changamoto ya vipimo, iliyosababisha matumizi ya jiko kutofikia malengo." Sentensi ndefu, safi, isiyo na mtu hata mmoja ndani yake. Ningeweza kuendelea nayo mpaka saa ya chakula.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele, kofia magotini, aliinua mkono taratibu. "Samahani, Fundi. Mimi Kiswahili changu ni cha kuombea maji. Hiyo changamoto ni nani?"

Hakuna aliyecheka. Alikuwa anauliza kweli.

Nikasema, "Ni mimi."

Baada ya hapo maneno yalitoka yenyewe, na hayakuwa mazuri. Nilisema nilipima sufuria bila kuuliza ni ya nani. Nilisema Mama Eliza alitaka kunionya nikamnyamazisha. Nilisema kwamba nilipopigiwa simu nilimtupia lawama mtu ambaye sikuwa nimemwona hata akiwasha moto, na kwamba mpishi yule alijua kazi yake kuliko mimi ninavyoijua yangu.

Mwalimu Msukwa naye akasimama, ingawa hakuna aliyemwita. "Na mimi. Mimi ndiye niliyetuma sufuria ikaazimwe. Kamati ilipomwondoa mama huyu nilikuwa nimeshajua kosa liko wapi. Nilinyamaza."

Mwenyekiti akauliza kama jiko libomolewe. Aliyejibu ni Mama Eliza, kutoka dirishani. Alisema lisibomolewe lote, tundu tu ndilo lipunguzwe, kwa sababu kuni za bondeni zimekwisha na watoto sasa wanazifuata mbali. Akasema na sufuria zipimwe zile za shule, hata kama zimebonyea. Kisha mwenyekiti, mbele ya wote, akamwomba radhi na kumwambia kwamba kazi yake ipo, arudi.

Mama Eliza alitazama upande wa akina mama, mahali alipokuwa Neema na mtoto wake mgongoni. Neema alikuwa ameinamisha kichwa.

"Neema hajakosa," alisema. "Aendelee."

Kikao kilifungwa kwa sala. Nilikuwa nimerudisha jina. Kazi sikuirudisha, na hakuna ufundi ninaoujua wa kuirudisha.

Siku mbili za udongo

Nilibaki kutengeneza. Wazazi walileta udongo wa kichuguu na matofali, na Mama Eliza alikuja bila kuitwa. Nilipotoa kamba yangu nikaanza kuizungusha kwenye mdomo wa sufuria, kama tunavyofanya siku zote, alinizuia.

"Pima tumboni. Hizi zimepigwa sana, zimefura katikati."

Nilipima tumboni. Alikuwa amesema kweli, ningekosea tena. Nikampa yeye kamba, akafunga mafundo mawili mwenyewe, moja la kila sufuria, na mimi nikajenga tundu la ngazi mbili kwa kufuata mafundo yake.

Tulipoliwasha, moshi ulipanda kwenye bomba, na makande yakachemka kwa vijiti vichache mpaka mwalimu wa zamu akauliza kama tumeongeza mafuta ya taa. Neema alikoroga akiwa na macho makavu. Watoto walipanga mstari na sahani zao. Mama Eliza alisimama mlangoni, pale pale aliposimama siku ile ya kwanza, mikono mitupu, akimtazama mwingine akipika kwenye jiko alilolipima yeye. Kisha akasema ana maharage yake barazani, akaondoka kwa mguu ule unaovuta kidogo.

Kurudi

Safari ya kurudi haikuwa na kisa. Tunduma nilipita kwa yule mama lishe. Sufuria ilikuwa imerudi, wali ulikuwepo, nikala kimya.

Ile picha mmeiona kila siku karakana, na mimi ndiye niliyeitundika. Kaitazameni tena. Kwenye sikio la kushoto la sufuria, chini kidogo ya mkono wangu, kuna msalaba mdogo wa rangi nyekundu. Ni alama ya kanisa, ili isipotee misibani. Mzee Nzunda aliuona kwenye simu ndani ya basi lililoharibika. Mimi nimeutazama tangu siku tulipoitundika nikiangalia tabasamu langu.

Sasa, Rajabu, Bi Zuhura, nyote. Tumejenga majiko shule nyingi, na kila mahali tulipokelewa vizuri, na kila mahali tulitolewa sufuria nzuri, kubwa, inayong'aa, tukaizungushia kamba. Hakuna hata mahali pamoja tulipouliza ni ya nani. Mara kadhaa walimu wametupigia kulalamika, na mnajua tuliwajibu nini, maana tulifundishana jibu hilo.

Kesho asubuhi naanza kupiga simu, shule moja moja. Sitaomba kuzungumza na mwalimu mkuu. Nitaomba apewe simu mpishi, na kama si yule tuliyemkuta, nitauliza wa zamani alikwenda wapi.